Jenereta ya Kubeba kwa Mkono Mmoja

Kabla sijanunua jenereta, mashine yangu ya kunyoa ilikuwa ya kuchaji, na ilikuwa na tabia mbaya ya kufa katikati ya kichwa. Mimi hunyoa madereva wa malori Malaba, kwenye foleni ya kuvuka kuingia Uganda. Foleni hiyo ikichacha, kichwa chake kiko mpakani na mkia wake unanusa bahari ya Mombasa. Madereva hupiga kambi papo hapo barabarani. Neti ya mbu inafungwa chini ya trela, sufuria ya ugali inakaa kwenye jiko kati ya magurudumu, shati linaanikwa kwenye kioo cha pembeni. Mtu akikaa hivyo siku kadhaa, anaota nywele za kulisha mbuzi watatu na mwana-mbuzi.

Ndipo nafika mimi na baiskeli yangu, kiti kimefungwa kwenye keria, kioo mgongoni, chupa ya spiriti mfukoni. Nanyoa nusu, mashine inalia kama mbu anayekata roho, kisha kimya. Mteja anabaki nusu shamba, nusu uwanja wa mpira. Nilikuwa najua kuomba msamaha kwa lugha zote za Afrika Mashariki, na nyingine nimezibuni mwenyewe.

Siku nilipoamua imetosha, dada yangu mkubwa alisema ataandamana nami mjini Busia. Yeye huuza mitumba kule Burumba, na amebeba marobota ya nguo tangu mimi sijui kufunga kamba za viatu.

"Wewe ukiachwa peke yako," alisema, "utanunua ile yenye rangi nzuri."

Tulipofika dukani, nilipenda moja mara moja. Ilikuwa nyekundu. Ilikuwa na magurudumu, mabomba, na tangi la kutosha kuogeshea ng'ombe. Muuzaji aliona macho yangu, akaivuta kamba. Jamani! Duka lilitetemeka, kuku wa jirani wakahama, na nina hakika kule Tororo kuna mtu aliamka akidhani ni tetemeko la ardhi.

"Boss, hii ni jenereta ya wanaume!" muuzaji akapiga kelele. "Leo unanyoa, kesho unafungua welding!"

Moyo wangu ukakubali pale pale. Kwetu, jenereta isiyosikika watu huiona kama mchungaji anayenong'ona: hawaamini kwamba iko kazini. Tayari nilijiona nikifika Malaba, madereva wakisimama kando kunipisha.

"Ibebe," dada akasema.

"Ina magurudumu, dada."

"Nimeona magurudumu. Nimesema ibebe."

Niliinama, nikashika, nikavuta. Jenereta ilibaki pale ilipo. Kilichosogea ni kiuno changu.

Dada akamgeukia muuzaji. "Baba, iko ile ya kubeba kwa mkono mmoja, na mkono wa pili abaki nao wa kusalimia watu?"

Muuzaji akacheka, akaenda nyuma, akarudi na kitu cha rangi ya majivu, kikubwa kidogo kuliko birika ya hotelini, chenye mshikio juu. Akasema ni ya inverta, yaani umeme wake hauyumbi. Nami sikupendezwa hata kidogo. Lakini kuna somo moja ambalo shule ya jioni ilinipigilia kichwani kama msumari. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa akifundisha umeme huku sisi wanafunzi, wengine tukiwa na ndevu na wajukuu njiani, tukipigana na usingizi. "Soma wati!" alikuwa akinguruma. "Mashine haijali unajisikiaje!" Nikaigeuza mashine ya kunyoa niliyokuja nayo, mpya, ya waya, niliyoinunua ichukue nafasi ya ile ya kuchaji, nikasoma chini yake. Wati zake zilikuwa za kuonea huruma. Ukiongeza balbu moja na simu za madereva zinazotaka chaji, bado ile ndogo ilizimudu zote na kubaki na nguvu. Kwa ile nyekundu, ningekuwa nimenunua trekta la kulimia bustani ya maua.

Nikaomba kujaribu zote mbili, mashine ikiwa imechomekwa. Kwenye nyekundu, mashine iliunguruma, ikapoa, ikaunguruma tena, kama mtu anayegombana na mkewe huku akikumbuka wageni wako sebuleni. Kwenye ile ndogo ikalia sauti moja tu, laini, iliyonyooka. Na tuliweza kuongea bila kupiga kelele.

"Si ulisema dereva wa foleni lazima asikie wa mbele yake akiwasha gari?" dada akauliza.

Hapo alinimaliza. Ni kweli: kwenye foleni ile, wa mbele akiondoka na wewe umebaki, wa nyuma anajipenyeza, na nafasi uliyoililia siku mbili imekwenda. Dereva hanyolewi na masikio yamezibwa. Nikachukua ile ndogo. Hata hivyo, nikiwa njiani kwenda Malaba nimeifunga kwenye keria, nilijihisi nimetumwa sokoni kununua fahali nikarudi na sungura.

Madereva hawakunihurumia.

"Kinyozi, umetuletea chai?"

"Hiyo inatumia petroli ama maziwa?"

Nilikuwa bado nawajibu pale dereva mmoja Mganda aliponishika mkono. Kijana mrefu, suruali imekunjwa magotini, na kichwani ana kichaka ambamo ndege angekodi chumba.

"Ssebo, bwana wangu, ninyoe haraka," alisema. "Kesho asubuhi niko na kwanjula, Iganga. Najitambulisha kwa wazazi wa mchumba. Nikivuka hapa naendesha moja kwa moja, nafika, naoga, navaa kanzu, naingia."

"Kwani Iganga hakuna vinyozi?"

"Wako, lakini muda hakuna. Na ssenga yake, yule shangazi, ndiye anapokea wageni. Huyo mama ataniangalia kichwa kama mtu anayenunua papai. Akisema hapana, ni hapana."

Nilimkalisha kwenye kiti, nikamfunga shuka shingoni, nikavuta kamba ya jenereta mara moja. Ikawaka. Vicheko vikapungua. Nilianza upande wa kulia, nywele zikianguka kama majani ya mahindi wakati wa kuvuna. Nilikuwa nimemaliza nusu, nusu kamili, mstari umepita katikati kama mpaka wenyewe, tuliposikia injini mbele. Moja. Kisha nyingine. Foleni iliyolala kama chatu aliyemeza ng'ombe ilikuwa inaamka.

"Banange!" dereva akaruka, akaingia kwenye kabini ya lori na shuka shingoni.

Zamani ningebaki nikiomba msamaha kwa lugha zangu zote. Siku hiyo nilizima jenereta, nikaikamata kwa mkono wa kushoto, mashine na waya mkono wa kulia, nikakimbia kando ya lori. Kiti nikakiacha, Mungu atakilinda. Lori likasimama urefu wa trela moja mbele. Nikaiweka jenereta kwenye nyasi, mbali na mlango, bomba la moshi likitazama mashamba, maana moshi ule ukiingia ndani ya lori unaweza kuua mtu akidhani anasinzia tu. Nikavuta kamba. Ikaitikia. Nikapanda kwenye ngazi ya lori, nikanyoa juu ya sikio la kushoto. Mbele wakaondoka tena.

"Kinyozi, usiniache hivi!"

"Endesha! Nakuja!"

Zima, kamata, kimbia, vuta, nyoa. Madereva waliokuwa wakinicheka sasa walikuwa wamejipanga kando ya barabara wakinishangilia kana kwamba nimebeba mwenge. Mmoja akanishikia waya, mwingine akawa mtangazaji wa mpira: "Amebakisha kisogo! Kisogo jamani!" Niliapa moyoni kwamba ningekuwa na ile nyekundu, muda huo ningekuwa bado kwenye kituo cha kwanza, na bwana harusi angeingia Iganga akifanana na pundamilia.

Tulipofika karibu na lango, lori la mbele yake lilikuwa limesimama kukaguliwa. Nikavuta kamba kwa mara ya mwisho huku nikimwomba Mungu na fizikia. Ikawaka. Akainamisha kichwa nje ya dirisha, nami, nikiwa nimesimama kwa vidole vya miguu, nikasafisha kisogo, nikapita nyuma ya sikio, nikafuta kwa spiriti. Akapiga ukelele wa spiriti. Nikavuta shuka. Wa nyuma akapiga honi ndefu.

"Nimeisha?" akauliza.

"Umeisha! Nenda ukaoe!"

Lori likaondoka. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akipapasa kichwa, upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha tena wa kulia, kama mtu asiyeamini kwamba pande zote ni zake. Akatoa mkono nje, akaupunga mpaka akapita lango.

Nikaketi kwenye nyasi, nywele za mtu mwingine zimejaa kwenye soksi zangu, nikavuta pumzi iliyofika hadi vidoleni. Kisha sauti ikaniita kutoka kwenye lori lililofuata: "Kinyozi! Na mimi! Lakini mimi nina muda, kunywa maji kwanza."