Deni la Mdogo Limeandikwa Kwangu

Assalaam alaykum Admin na nyote mnaosoma. Jina langu nifichieni, ingawa jina lenyewe ndilo lililoniponza. Nina miaka thelathini na minane, ni fundi cherehani, nimeachika na nina watoto watatu. Naishi Wingwi.

Marehemu baba alikuwa na wake wawili. Wote walijifungua watoto wa kike, mimi nikimtangulia mwenzangu kwa siku tisa, na kila mmoja akataka binti yake apewe jina la bibi mzaa baba. Baba hakuwa mtu wa kugombana na wake zake, akatupa sote jina hilo hilo. Nyumbani tukaitwa Mkubwa na Mdogo, maisha yakaendelea. Tulipofika umri wa skuli akatupeleka kukata vyeti vya kuzaliwa siku moja. Karani alipouliza tarehe, baba akasema aandike moja tu, siku tisa ni kitu gani. Kisa hicho tulikuwa tukikicheka kila Sikukuu. Sasa sikicheki.

Mwenye nyumba ninayopanga ameniambia nihame mwisho wa mwezi huu, mwanawe anaoa. Nina kibanda changu, kuta zimesimama, kimebaki kuezekwa. Nikenda benki kuomba mkopo wa mabati. Afisa akatazama kompyuta, akasema nina mkopo wa zamani sijaulipa, basi sikopesheki. Nikamwapia kuwa sijawahi kukopa hata sindano. Akanichapishia taarifa yangu ya mikopo. Jina langu, tarehe yangu, simu si yangu. Simu ni ya Mdogo, aliyeolewa Kisiwa Panza. Waliomkopesha waliandika jina na tarehe ya kuzaliwa tu, wakatuunganisha.

Nikamfuata. Hakukataa. Alikopa kwa siri afuge kuku, kuku wakafa, akanyamaza. Mumewe alishamwambia siku atakayokopa kwa riba arudi kwao. Mimi sikutaka anilipe chochote, nilitaka kumbukumbu zetu zitenganishwe. Nikaandika malalamiko. Jibu likaja kwamba mpaka mwenzangu ajaze fomu kukiri deni ni lake, na fomu igongwe muhuri na sheha wake. Sheha wa huko ni kaka wa mumewe.

Nikarudi Kisiwa Panza na fomu. Mdogo akaisoma, akaanza kulia.

"Nistiri, dada," akaniambia. "Sheha akiiona hii leo, magharibi miye niko njiani na wanangu."

Nikamuuliza, "Na wangu je?"

Alinifungia pweza mkavu nikale na watoto, akanisindikiza mpaka pwani.

Nilirudi benki na vyeti vya ndoa vya mama zetu wote wawili. Yule afisa ni kijana mwenye adabu, kila neno ananiita mama, lakini adabu haiezeki nyumba. Akasema ananiamini, ila bila ile fomu hana la kufanya.

Zimebaki siku kumi na moja. Fomu iko ndani ya mkoba wangu wa vitambaa. Nimechoka, wallahi. Jana binti yangu mkubwa aliniuliza tukitolewa hapa tutakwenda wapi. Akajijibu mwenyewe: "Twende kwa mama mdogo. Yeye hatutupi."

Wenzangu, nyie mngekuwa mimi, mngeipeleka fomu kwa sheha au mngeichana?