Kijiko cha Kuach

Kuach alikuwa haoni kitu kigumu akakiacha bila kukigonga kwa kijiko. Alilelewa Nakuru, akajifunza kuunda boti za faibaglasi Kisumu, na amani ilipopatikana akarudi Juba na begi moja, kijiko na mashaka tele. Boti hizo ni tabaka za kitambaa cha nyuzi za kioo zilizoshikana kwa gundi. Ukigonga zikalia tak, ziko salama. Zikilia dub, zimeachana ndani kwa ndani, hata rangi ya juu imeremete vipi. Watu wa Hai Malakal, mtaa wake, walimcheka. Vitu alivyovitabiria vilipopasuka, walimchukia.

Jumapili moja alikuwa akiivusha kwaya mto kwa boti kwenda ibadani kisiwani. Alipogonga sakafu ya mbele palilia dub, maana mwenye boti aliwahi kuangusha injini pale, kisha akapaka rangi yakaisha. Kuach alipiga hesabu yake: watu wakikaa, tutafika, mtu akiruka pale, patatoboka.

Aliyekuwa akiruka pale kwa wimbo ni Adhieu, kiongozi wa kwaya, mama mwenye mwili wa haja. Binti yake ni Athieng, aliyekuwa humo botini akiimba, na Athieng ndiye Kuach alikuwa akimposa. Kwa Wadinka mposaji hamsemeshi mama mkwe. Neno moja la utovu wa adabu lingemkosesha mke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, ila hawakusema ufanyeje ufa ukisimamiwa na mama mkwe.

Akamnong'oneza Priscilla, mwalimu Mkenya aliyeketi kando yake. "Mwambie Mama atoke hapo, atatoboa boti."

Priscilla alimpima Mama kwa macho, akaogopa. Akamgeukia Dhieu, mpiga ngoma. "Kuach anaomba Mama apumzike kidogo."

Dhieu naye ana adabu zake. "Mama," akasema, "Kuach anakusalimu sana."

Mama akafurahi, akazidi kuruka.

Kuach akapiga magoti, akagonga kwa kijiko karibu na miguu ya Mama ili asikie mwenyewe. Dub, dub, dub. Mama akadhani anapigiwa mdundo. Akaucheza.

Pakalia kraa, mguu wa Mama ukazama hadi pajani, ukaziba tundu lote.

"Mama, usitoe mguu," Kuach akamwambia usoni, mbele ya kwaya nzima. "Ukiutoa tunazama."

Akamsemesha njia nzima: tulia, usisogee, tumekaribia. Mama akauliza habari za mamba. Kuach akasema hawapo, na huo ulikuwa uongo. Moyo ulimuuma kweli, maana kwa kila neno alimwona Athieng akienda zake.

Ufukweni walimnasua Mama. Akakung'uta sketi, akatazama mto, hakumtazama Kuach aliyesimama kando yake. Akamwita bintiye.

"Athieng, mwambie huyo mtu alete wazee wake nyumbani Jumapili ijayo."

Kuach alikuwa amesikia kila neno, lakini alisubiri kwa adabu mpaka Athieng alipomwambia.

"Na aje na kijiko," Mama akaongeza, bado akiuambia mto. "Kiti changu siku hizi kinalia vibaya."