Siku Baba Mkwe Alipogeuza Kiti

Siku ile ninaikumbuka mpaka leo, mwanangu, siku ambayo baba mkwe wangu alitoa kiti uani, akakaa akiwa amenipa mgongo, akaagiza nimfundishe habari za samaki. Ukisikia hivyo utadhani ni jambo dogo. Kwetu Mwaya, miaka ile, halikuwa dogo hata kidogo, na ndiyo maana nataka nikusimulie kabla hujaondoka kwenda kuanza masomo yako.

Kwanza uelewe tulivyoishi. Mwanamke wa Kinyakyusa aliyeolewa hakutazamana na baba mkwe wake. Ukikutana naye njiani unaacha njia, unaingia kwenye migomba na kumgeuzia mgongo mpaka apite. Jina lake hulitamki. Yeye naye akikaribia nyumbani anakohoa tangu mbali ili upate nafasi ya kujitoa. Akiwa na neno kwako anamwambia mkewe, nawe uko jikoni unasikia kila kitu, lakini unangoja mpaka mama mkwe akuletee ujumbe ambao umekwisha kukufikia. Ninyi mnacheka. Hata sisi tulicheka mara nyingine, kwa siri. Lakini ilikuwa heshima, na mimi niliishika kwa moyo wote, kwa sababu mzee yule alinipokea vizuri tangu siku niliyoingia kwake.

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia sekondari nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya mazingira. Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Maduka ya Kyela mjini yalianza kujaa redio, mitumba na viti vya plastiki, na vyuo navyo vilianza kuwataka watu wachangie gharama. Mume wangu alikuwa bwana shamba, kituo chake kiko Mbeya, akakubali tujibane. Mtoto wetu Lugano nilimwacha kwa mama mkwe, akiwa bado ananililia kila nikishika mkoba. Kwa hiyo unaposikia nilisoma, ujue nyumba nzima ilisoma.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa masomo ya darasani, tasnifu ingefuata baadaye. Tulisoma ikolojia, kemia ya maji, uhifadhi wa viumbe, na takwimu ambazo zilinitoa jasho lakini nikazivuka. Kilichoniangusha ni semina. Kila mwanafunzi alisimama mbele ya wahadhiri, akaeleza utafiti anaokusudia kuufanya na kujibu maswali, na alama zake zilihesabiwa sawa na mtihani. Mimi nilichagua mbasa, yule samaki anayetoka Ziwa Nyasa na kupanda Mto Mbaka kwenda kutaga mayai kwenye changarawe. Nilitaka kuonyesha kwamba watu wakilima mpaka ukingoni, tope huingia mtoni, likafunika changarawe, na mayai yakakosa hewa. Somo hilo nililijua vizuri, sikuwa na wasiwasi nalo.

Nikaanza vizuri. Katikati ya maelezo mlango ukafunguka, akaingia profesa mmoja mzee, kichwa kizima mvi, akakohoa. Mwanangu, miguu yangu ilishuka jukwaani yenyewe. Nilijikuta nimesimama pembeni, uso nimeuelekeza ukutani, kitambaa cha kichwa nimekivuta mpaka machoni, nangoja apite. Naye hakuwa wa kupita, alikuja kukaa mstari wa mbele anisikilize. Wenzangu walidhani nimeshikwa na malaria. Nilirudi mahali pangu, lakini sauti ilikuwa imekwisha. Maswali yake ya kwanza niliyajibu nikiwa natazama viatu vyake, yaliyofuata sikuyajibu kabisa. Waliniambia nirudie baada ya likizo, na nikishindwa tena safari yangu ya chuo itakuwa imeishia hapo.

Nilirudi Mwaya nimeshakata shauri la kuacha. Nikamweleza mama mkwe jikoni, tukiwa tunapepeta mchele. Nilipofika kwenye habari ya mimi kumpisha profesa, alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Kisha akaniona ninalia, naye akanyamaza. Nilimwambia sitarudi kule kuaibika mara ya pili, bora nishike chaki zangu niendelee kufundisha watoto. Hatukujua kwamba baba mkwe alikuwa nyuma ya nyumba anafunga ng'ombe, na amesikia yote.

Kesho yake alasiri ndipo alipotoa kiti. Kilikuwa kiti cha plastiki cheupe alichonunua mjini, ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia. Akakiweka katikati ya ua, akakaa akitazama zizi, mgongo wake kwangu. Akamwambia mkewe aniagize nisimame kwenye mlango wa jiko niseme yale yale niliyoyasema chuoni, bila kuruka kitu.

Nilisema, lakini kwa sauti ya kujificha. Mama mkwe alisimama katikati yetu na kumfikishia mzee maneno yangu kwa Kinyakyusa, akiyachanganya na ya kwake kuhusu namna nzuri ya kumpika mbasa. Mzee akamwomba akae chini. Akasema anataka kusikia sauti ya mwalimu, na kama haitamfikia pale alipo, basi nirudie mwanzo. Nikarudia. Nilirudia mpaka Lugano akaanza kuimba neno changarawe akizunguka ua.

Siku iliyofuata kiti kilikuwa kimegeuka ubavu. Nikaanza kuona shavu lake na sikio lake. Siku nyingine kiligeuka zaidi. Mama mkwe aliniambia kwa kunong'ona nisishangae, mzee ameamua. Na hapo ndipo mambo yalipomfikia yeye mwenyewe, maana ua wetu ulikuwa wazi kwa wapita njia. Wazee wa rika lake walisimama wakatazama. Wakamuuliza kama siku hizi anakaa kikao na mke wa mwanawe. Mmoja wao, rafiki aliyekuwa akija kunywa chai kwake karibu kila siku, aliacha kuja. Baba mkwe hakugombana na mtu. Nilimwona tu akitazama njia saa ile ya chai, na roho iliniuma sana.

Nilimwomba mama mkwe amwambie basi, imetosha, nisije nikamharibia heshima yake uzeeni. Jibu lilikuja siku ya mwisho ya likizo yangu. Kiti kilikuwa kimenielekea moja kwa moja.

"Mama Lugano," alisema, mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. "Nitazame."

Sikuweza.

"Mimi ndiye ninayekuomba. Kama kuna kosa, ni langu, si lako. Nitazame."

Nikainua macho. Nilikuwa nimeishi kwenye nyumba ile kwa miaka, na sikuwahi kujua kwamba mzee ana kovu dogo juu ya nyusi, wala kwamba Lugano amechukua macho yake. Nikaeleza habari ya mbasa mwanzo mpaka mwisho, nikiwa namtazama. Akanisikiliza bila kutikisika. Nilipomaliza aliuliza swali.

"Shamba langu la mpunga liko ukingoni mwa Mbaka, unalijua. Je, mimi nami naua mbasa?"

Mama mkwe aliacha kupepeta. Nilijua kabisa hapo nina njia mbili. Ningeweza kusema si shamba lako, baba, ni mashamba ya wengine, na pasingekuwa na mtu wa kunilaumu. Huyu ni mzee ambaye mchele wa shamba hilo ndio ulionilisha, na ndio uliokuwa ukimlisha mwanangu mimi nikiwa chuoni.

"Ndiyo, baba," nilisema. "Ile sehemu inayogusa maji inaua. Mvua zikija, udongo wake unaingia mtoni."

Aligeuza uso akatazama upande wa mto, nami nikaona nimeharibu kila kitu. Kisha akatabasamu, akainuka, akashika kiti chake.

"Huyo profesa wako," alisema, "atakuuliza nini kigumu kuliko hicho?"

Mwanangu, hakuniuliza kitu. Maana yangu ni kwamba aliuliza mengi, na makali, tena siku hiyo ya marudio aliwahi kufika kuliko wote, lakini hakuna hata moja lililonishusha jukwaani. Nilimtazama usoni nikamjibu. Pale ambapo sikujua nilimwambia sijui, nitakwenda kutafuta. Mwisho alisema hakutegemea kwamba ni mtu yule yule, akaniruhusu niendelee, na baadaye ndiye aliyenisimamia tasnifu yangu.

Niliporudi kwetu kukusanya data za utafiti, nilikuta mzee ameacha upande wote wa shamba unaogusa mto bila kulima. Matete yalikuwa yameota mpaka kimo cha mtu. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo, na mavuno yake yalipungua. Tuliendelea kuzungumza pale uani mpaka alipofariki. Njiani, mbele za watu, niliendelea kumpisha, ili wenzake wasipate la kumsema. Yule rafiki yake wa chai alirudi, ilichukua muda, lakini alirudi. Na mimi nilipata nafasi ya kumwambia mzee, mdomo wangu kwa masikio yake, ndaga fijo, tata, asante sana baba. Namshukuru Mungu kwamba sikuchelewa.

Sasa nikuambie ninalotaka ushike. Huko uendako utakwama, na pengine utakwama kwenye jambo la ajabu ambalo vitabu havina habari nalo. Usilifiche. Lilete nyumbani ulieleze, hata kama watacheka kwanza. Yuko mtu atakayekubali kusemwa na rafiki zake ili wewe upite, na mtu huyo umshukuru akiwa hai. Usidhani heshima ni kumwambia mkubwa analopenda kusikia. Ulichokisoma kikionyesha kwamba shamba la baba yako linaharibu mto, mwambie baba yako, kwa adabu, lakini umwambie.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde njiani na akupe afya ya kusoma. Akupe walimu wakali wasiokuchoka. Na siku utakapotakiwa kumweleza mzee unayempenda kwamba amekosea, akupe mzee wa namna ile, atakayeuliza mwenyewe, asikilize jibu, kisha alale akilifikiria na kuamka akaiache ardhi yake ipumzike.