Baba Alivusha Watoto Barabara, Kaka Anataka Nikanushe

Assalamu alaykum admin na nyote mnaosoma. Jina langu nifichieni, maana Wapemba wa London tunajuana wote. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nina binti mmoja, naishi Wembley tangu mwaka 1996. Sikuja hapa kulia. Nina suala moja, lakini kwanza nikwambieni marehemu baba yangu alikuwa nani, kwa sababu ugomvi wenyewe ndio huo.

Baba kule Pemba alikuwa mwalimu mkuu. Watu wazima wenye ndevu zao wakikutana naye njiani wakishuka kwenye baskeli wamwamkie. Tukaondoka kwa mambo ya siasa. Kaka yangu mkubwa alikuwa keshatangulia huku, mhasibu, ana nyumba yake. Baba alifika na miaka hamsini na tatu, na vyeti vyake hakuna ofisi iliyovitaka. Alikaa mwaka mzima ndani anatazama dirisha. Mpaka siku moja akarudi kavaa koti la manjano linalong'aa, mkononi fimbo ndefu yenye kibao cha duara juu. Kapata kazi ya kuvusha watoto barabara mbele ya skuli ya msingi, asubuhi na alasiri.

Mama alicheka mpaka machozi. Kaka hakucheka. Alimwambia, "Baba, watu wetu wanapita njia ile. Wakikuona watasema nini?"

Baba akamjibu, "Watasema mwalimu kapata kazi. Wewe ulitaka wasemeje?"

Jamani, ile kona ikawa yake. Mvua, theluji, yupo. Majina ya watoto aliyajua yote. Kina mama wa Kihindi waliozaliwa Kampala na Mombasa wakisimama kupiga naye soga za Kiswahili mpaka wanachelewa makazini. Binti yangu kazaliwa hapa, Kiswahili anakifahamu lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Kwa babu yake hakuthubutu. Babu alikuwa hamvushi mpaka aseme, "Shikamoo babu, naomba kupita." Wenziwe wakaona ni mchezo, wakaiga. Ikawa skuli nzima, Wasomali, Wahindi, Wazungu, wanapanga foleni pale wanamwamkia mzee wa Kipemba.

Mwaka 2002 gari lilikata kona kwa kasi, baba yuko katikati ya barabara na watoto wawili. Aliwasukuma nyuma, yeye likamgonga mkono, ukavunjika. Kaka alikuja hospitali, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Sasa utaacha?" Wiki ya nne baba alikuwa kwenye kona yake, mkono wa kulia kwenye plasta, kibao kakishika kwa kushoto.

Kumbe miaka yote hiyo kaka aliwaambia wakwe zake kuwa baba ni ofisa wa elimu. Wakija kumtembelea, baba anaombwa asitaje kazi yake. Na baba, kwa kumstahi mwanawe, alikuwa anakaa kimya. Hilo mpaka leo linaniuma kuliko mkono uliovunjika.

Alifariki mwaka jana, 2007, figo, na kona yake alikuwa hajaiacha. Kesho yake wazungu wa pale skuli walinipigia simu niende. Uzio wote umejaa maua na kadi za watoto. Mtoto mmoja kaandika "Shikamo babu" kwa kalamu ya rangi, na herufi moja imekosekana. Nilimpigia kaka aje aone. Akasema ana mkutano.

Kwenye hitma ya arobaini tulikodi ukumbi, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia. Kaka alichapisha kitabu kidogo cha maisha ya marehemu, akakisoma kwa kipaza sauti. Pemba, mwalimu mkuu. London, "ofisa wa elimu kwa miaka kumi." Nilimtazama binti yangu, naye kanitazama. Akaninong'oneza kuhusu huyo ofisa, "Mum, who is that?"

Nikainuka. Kipaza sauti cha upande wa wanawake kilikuwa kwa somo, yule mama aliyeongoza kasida, nikamwomba, akanipa. Nikasema, "Mimi ni bintiye marehemu. Baba yetu London hakuwa ofisa. Alikuwa anavusha watoto barabara mbele ya skuli, na alivunjika mkono kwa ajili yao. Anayeona hiyo ni aibu asimwombee dua, tutamwombea sisi."

 Kisha mzee mmoja upande wa wanaume akaitikia kwa nguvu, "Allah amrehemu!" na wengine wakafuata.

Kaka hajanisamehe. Anasema nimemvua nguo mbele ya wakwe. Mama anaishi kwake, na kaka kanipiga marufuku mlangoni. Miezi saba sasa mimi na mama tunaonana sokoni Jumanne, dakika ishirini, kati ya ndizi na mihogo. Juzi kaka kaleta sharti: niende kwake, mbele ya wakwe, niseme nilichanganyikiwa na msiba na sikujua ninalosema. Hapo ndipo mlango utafunguka.

Mama kanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, sema tu yaishe. Baba yako keshakufa, mimi bado nipo. Nimechoka kuonana nawe kama wezi."

Ndugu zangu, mama yangu ana miaka sitini na tatu na presha. Namtaka. Nataka nimkande miguu, nimpikie uji. Lakini baba alinyamazishwa akiwa hai, na mimi nikiyasema hayo maneno nitakuwa nimemnyamazisha na kaburini.

Msinitukanie kaka yangu, wala msinambie nisubiri. Nishaurini hili tu: nikienda kuomba radhi, niseme nimekosa nini?