Mstari wa Kumuumbua Mdogo Wangu

Nilimwonea mdogo wangu wa damu kijicho mpaka nikawa namwombea akosee. Kumbe aliyekosea ni mwingine.

Sikieni.

Kazini kwetu tunaandika programu ya kuongoza joto kwenye mashine za kutunzia watoto njiti. Kabla haijawekwa kwenye mashine yenyewe, tunaijaribu kwenye kompyuta inayojifanya ndiyo mashine. Ina hita ya uongo, kipimajoto cha uongo, hata saa yake.

Shida ni kwamba majaribio yale yalikuwa vigeugeu. Leo yanapita, kesho yanafeli, na hakuna aliyegusa hata herufi moja. Mwaka mzima nilihangaika nayo.

Ndipo nikamwombea kazi mdogo wangu wa kike. Ofisini wakambatiza Dakika, maana hakuna kitu kilichomchukua saa nzima.

Wiki tatu tu, majaribio yote kijani. Kila asubuhi.

Bosi akawa haishi kumtaja. Mama naye, nikimpigia simu kumjulia hali, anauliza, "Mwenzio hajambo? Nasikia ndiye anayewainua huko."

Mimi ndiye niliyemtafutia kazi, jamani. Roho iliniuma, sifichi.

Na mwezi ule ndio kiongozi mpya wa timu alikuwa anachaguliwa. Kiti hicho nilikisubiri miaka minne. Halafu bosi akanizuia kusaini mashine za kwanza ziende hospitali, na sababu hakunipa. Nikajua tu, wanamtengenezea Dakika njia.

Nikaanza kumchimba. Kilichonishinda mwaka, yeye akitibu kwa wiki tatu? Nikapekua faili zote, moja baada ya nyingine, hata kula nikasahau, mpaka nikaupata.

Mstari mmoja. Unasema: jaribio likifeli, lirudie hadi mara tano, likipita hata mara moja, andika limepita.

Nilifurahi. Nilifurahi vibaya.

Kwenye kikao nikauonyesha ukutani, herufi kubwa. Nikasema humu ndani kuna watu wanapaka uozo rangi ya kijani. Dakika akainamisha kichwa, nami nikajua nimemshika.

Bosi akauliza kwa upole, nani aliuandika? Kwetu kila mstari una kumbukumbu ya mwandishi wake, unabofya tu. Nikabofya kwa madaha.

Likatokea jina langu. Tarehe ya mwaka jana.

Nikakumbuka. Siku moja nilichoshwa na vile vigeugeu, nikaandika ule mstari, nikajiambia ni wa muda tu, nikaenda zangu nyumbani. Hata huo haukuyatuliza yote, nikausahau.

Mtu mmoja nyuma akasema taratibu, "Nyani haoni kundule." Hakuna aliyecheka.

Bosi akaniamuru niufute, tuyaendeshe upya hapo hapo. Yakapita mara ya kwanza. Kumbe Dakika aligundua kwamba majaribio yalikuwa yanasubiri kwa saa yetu ya kawaida, na kompyuta ikielemewa, saa ya ile mashine ya kuigiza inachelewa. Akayafanya yafuate saa ya mashine.

Moja tu likagoma: hita ijizime joto likizidi. Tukalirudia mara tano, mara moja haikujizima.

"Hilo si jaribio bovu, kaka," Dakika akasema. "Ni programu yetu, kuna wakati kweli haizimi hita. Nimekuwa nikilitafuta kosa lake. Ndiyo maana niliomba usisaini kwanza."

"Na mstari wangu uliujua?"

"Tangu wiki ya kwanza. Bosi nilimwambia upo, wa nani sikusema. Nilitaka uufute mwenyewe, siyo mbele za watu."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Kiti akapewa yeye. Asubuhi iliyofuata nilikwenda mezani kwake nikamwita yeye "Bosi", na sikuwa natania.

Jaribio likifeli, usilibembeleze likubali. Liulize limeona nini. Na ukijikuta unamchimba ndugu yako huku unafurahi, simama kwanza.

Mimi kalamu nilishaishika. Ningesaini, na mtoto wa watu angelazwa ndani ya mashine ile.