Mbwa Mwitu Wamerudi

Nilifika Shard End, mtaa wa huku ughaibuni ninakofanya kazi, saa moja asubuhi, mabasi mawili kutoka kwangu Handsworth, miguu imenivimba. Mzee niliyekuwa nikimhudumia alikuwa macho tayari, kakazana na televisheni. "Wamerudi," akaniambia kabla hata ya salamu. Alimaanisha mbwa mwitu wa kijivu, wale wakubwa wa nchi za baridi. Kwenye milima fulani ya Ulaya waliuawa wote zamani, na sasa wanazaa tena. Tangu afiwe na mkewe, mzee huyu hakuwa akila vizuri mpaka awaone hao wanyama wake.

Mimi sikuwa na furaha ya kumpa. Ndani ya basi nilikuwa nimesikiliza ujumbe wa sauti wa ndugu yangu mdogo, aliye nyumbani Laikipia. Na kwetu walikuwa wamerudi. Mbwa mwitu wa kwetu ni wadogo, wana mabaka na masikio mapana, lakini mbuzi haulizi ukubwa. Watatu walikuwa wameliwa. Mbuzi ni wangu, kuwachunga ni kazi yake, kwa hiyo alisubiri neno langu. "Dada, nitie sumu kwenye mzoga kama baba? Nijibu leo."

Baba alifanya hivyo nikiwa na miaka tisa. Ile nyama niliibeba mimi. Walikufa mbwa mwitu, wakafa tai, akafa na mbwa wetu aliyezoea kulala mlangoni. Hatukuwasikia tena miaka yote hiyo, na tulijisifu.

Nikimpa mzee uji wake, yakanitoka yote. Uchovu hauna adabu. Nilidhani atanihubiria, maana watu wa huku wanapenda wanyama kuliko jirani zao. Badala yake machozi yalimlengalenga. "Kwa hiyo hata baada ya hayo wamerudi?" Nikasema ndiyo. Akala bakuli lote, akaomba mkate. Niliona haya.

Zamu ilipoisha, kwenye kituo cha basi, nikamjibu ndugu yangu asitie sumu. Aongeze miiba kwenye boma, na alale humo na mbuzi mpaka tupate mbwa wa kulinda. Nilijisikia nikiongea kama mtu wa ofisini.

Jibu lilitangulia basi. "Sawa, dada, mbuzi ni wako. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Nikapanda, nikapata kiti cha dirishani. Nililala kabla hatujatoka Shard End.