Mama Pasi na Wifi Yake

Mtaani walimwita Mama Pasi, maana tangu usichana wake alifanya kazi kwa dobi, na suruali ikipita mikononi mwake mstari wake ungeweza kukukata kidole. Lakini sifa aliyoipenda zaidi ilikuwa ya gerezani. Ndiye aliyewashawishi akina mama wa kanisani waanze kwenda gereza la wanawake kila Jumapili baada ya ibada.

"Yesu alituagiza tuwe nuru," aliwaambia. "Sasa taa unaiwasha wapi, juani?"

Akaenda miaka nenda rudi. Wafungwa walikaa kwenye mabenchi, wakamsikiliza kwa adabu, wakapokea sabuni, wakashukuru. Naye akaridhika.

Ndipo akaja Kicheko, wifi yake, dada mdogo wa mumewe. Zamani alifungwa gereza lilelile kwa kuuza vitu vya wizi. Alipotoka akaokoka, akaomba kufuatana nao. Siku ya kwanza hakukaa mbele na wenzake. Alivua viatu, akajibwaga sakafuni katikati ya wafungwa, akatoa kitana na kuanza kumsuka binti mmoja ambaye hakuwa akisema na mtu tangu aletwe.

"Mimi nililala pale, chini ya lile dirisha," alimwambia. "Nililia mpaka kamasi zikaniishia. Nikamwambia Mungu, kama upo, njoo wewe huku, maana mimi kutoka siwezi."

Binti akacheka. Kisha akalia. Kisha akaomba aombewe.

Mama Pasi alibaki na Biblia yake mkononi, tabasamu limemkauka usoni.

Tangu siku hiyo ikawa Kicheko huku, Kicheko kule. Hata salamu hazijaisha, wafungwa wanauliza, "Kicheko yuko wapi?" Kazini Mama Pasi akaunguza kola ya mteja, jambo lisilowahi kumtokea.

"Miaka yote nimehangaika mimi," alimnung'unikia mumewe, "yeye kaja jana na kitana!"

"Mke wangu, si wewe uliyemwombea aokoke?"

"Nilimwombea aokoke. Sikumwombea anipite!"

Wivu ukamzidi nguvu. Akamwendea mama aliyekuwa mkuu wa gereza, akajifanya ana wasiwasi tu: eti mtu aliyewahi kufungwa humo anaruhusiwa kuingiaingia? Mkuu hakuwa akijua habari hiyo. Kicheko akazuiwa langoni.

Jumapili iliyofuata Mama Pasi alifundisha mwenyewe, kama zamani. Yule binti alisikiliza kidogo, halafu akamgeuzia mgongo.

"Hata yule mmoja aliyetufaa mmemchoka?" aliuliza, akitazama ukuta.

Maneno yale yalimchoma. Amekuja kuwasha taa, na taa iliyokuwa inawaka ameizima kwa mkono wake mwenyewe. Akafunga Biblia, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa gereza.

"Yule wifi yangu namdhamini mimi," alisema. "Nililoleta hapa lilikuwa wivu, mama. Si wasiwasi."

Mkuu alimtazama sana, kisha akakubali.

Jioni alimkuta Kicheko jikoni kwake, anamenya viazi kama kawaida.

"Wifi, ni mimi niliyekuchongea kwa mkuu wa gereza."

"Najua. Askari wa langoni aliniambia siku ileile."

"Na bado unakuja kunimenyea viazi?"

"Sasa nani avimenye, huyo kaka yangu?"

Mama Pasi alicheka huku machozi yakimtoka, lakini moyoni kitu kikamuuma upya. Hata kusamehe, mtoto huyu amemshinda!

Mwisho wa mwaka mchungaji aliuliza nani aongoze huduma ya gerezani. Kanisa zima likamgeukia Mama Pasi. Akasimama, akashika benchi la mbele yake.

"Kicheko," alisema.

Watu wakapiga makofi. Yeye pia alipiga, ingawa ya kwake yalichelewa kidogo. Alipofika nyumbani alisema kichwa kinamgonga, akajilaza. Mumewe akamletea maji.

"Umefanya jambo jema sana, mke wangu."

"Najua," akajibu, akijivutia shuka. "Lakini kwa leo tu, baba, usinisifie dada yako."